Gail Devers na kiunzi cha mwisho: jibu kwa mama wa Muheza

Swali lilinifikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili hapa Muheza. Anakimbia mita 100 na pia mita 100 za kuruka viunzi. Kwenye mashindano ya shule alishinda mita 100, kesho yake akaanguka kwenye kiunzi cha mwisho wakati anaongoza. Tangu siku hiyo viunzi hataki hata kuvisikia. Mwalimu wake anasema afadhali, maana hakuna anayefanya yote mawili akafika mbali. Kaka yake amemwonyesha kwenye simu Mmarekani mmoja, Gail Devers, aliyeanguka vilevile kwenye Olimpiki. Wanasema aliumwa hadi miguu ikataka kukatwa. Ni kweli au ni maneno ya watu? Na mwisho alichagua nini, viunzi au mbio za kawaida?"

Marahaba mama. Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalomsumbua binti. Hakuchagua. Alianza na mbio zote mbili tangu shule, akafika nazo kileleni mwa dunia, akazeeka nazo. Ila wanaomtaja leo husema "bingwa wa mita 100" wakaishia hapo, na mimi naona hapo wanamnyima haki yake. Ukiniuliza mimi, Devers alikuwa mrukaji viunzi ambaye kasi yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba alipoondolewa viunzi mbele yake alikuwa mwanamke mwenye mbio kuliko wote. Cha ajabu ni kwamba medali zake za Olimpiki zote zimetoka kwenye njia isiyo na viunzi. Kwenye viunzi, Olimpiki tano, hakupata hata shaba. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu sababu ya jambo hilo ndiyo hiyohiyo iliyomwangusha binti yako.

Alizaliwa Seattle mwaka 1966, akakulia National City, kusini mwa San Diego huko California. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kibaptisti. Kutoka shule alikwenda chuo kikuu cha UCLA, akaangukia mikononi mwa kocha Bob Kersee, yule mume wa mwanariadha maarufu Jackie Joyner-Kersee. Mwaka 1987 alishinda mita 100 kwenye michezo ya nchi za Amerika iliyofanyika Indianapolis. Mwaka 1988 akawa bingwa wa vyuo vya Marekani kwa mita 100, na mwaka huohuo akaweka rekodi ya nchi yake kwenye viunzi, sekunde 12.61. Umri wake ulikuwa miaka 21. Kama angekuwapo wa kumwambia achague, wakati ndio ulikuwa huo, na angechagua lipi? Alikuwa amefanikiwa kotekote.

Kisha akaenda Olimpiki ya Seoul, na mwili ukamkataa. Aliishia nusu fainali ya viunzi akiwa mbali na muda wake wa kawaida. Kichwa kilikuwa kinamuuma sana, macho yanapoteza nguvu, uzito unapanda na kushuka bila mpango, nywele zinanyonyoka. Kwa miaka miwili hivi hakuna aliyelijua tatizo. Mwaka 1990 ndipo ilipogundulika ni ugonjwa wa Graves.

Huu ni ugonjwa wa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo. Kinga ya mwili inakosea, inaichochea tezi itoe homoni nyingi kupita kiasi. Homoni hiyo ndiyo inayopanga mwili uchome nguvu kwa mwendo gani, kwa hiyo ikizidi mwili wote unaenda mbio hata ukiwa umelala: moyo unapiga haraka, mikono inatetemeka, joto halivumiliki, misuli inaisha. Mkimbiaji wa mbio fupi anaishi kwa misuli. Hebu fikiria anavyojisikia.

Hapa kuna jambo linalonigusa kila nikilisimulia. Kulikuwa na dawa ya kutuliza mapigo ya moyo ambayo ingempunguzia adha, lakini ilikuwa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni, akaikataa. Akatibiwa kwa madini joto yenye mionzi, ambayo tezi huyameza nayo ikafa taratibu. Matibabu yalisaidia, lakini miguu yake ikaharibika vibaya: ikavimba, ngozi ikachubuka na kuvuja damu, akawa hawezi kutembea. Wazazi wake walikuwa wakimbeba. Mapema mwaka 1991 madaktari walifika mahali pa kuzungumzia kuikata. Kwa hiyo hapo waliomwambia binti yako hawakutia chumvi, mama. Ni kweli.

Dawa ikabadilishwa, miguu ikapona, akarudi uwanjani kwa kutembea tu, tena akiwa na soksi. Agosti ya mwaka huohuo, miezi michache tu, alikuwa Tokyo kwenye mashindano ya dunia, akashika nafasi ya pili kwenye viunzi kwa sekunde 12.63. Aliyemshinda, Lyudmila Narozhilenko, alikimbia 12.59. Nimefundisha riadha shuleni kwa miaka mingi na bado sijui mfano mwingine wa kurudi kwa kasi namna hiyo.

Nitakaa kidogo kwenye ugonjwa kabla ya kuendelea, kwa sababu wewe ni mzazi. Binti akianza kukonda huku anakula vizuri, moyo ukimwenda mbio amekaa, mikono ikitetemeka, siku zake zikivurugika, shingo ikionekana imevimba kwa mbele au macho yakimtoka, usikubali aambiwe tu kwamba anafanya mazoezi kupita kiasi. Mpeleke apimwe damu, kipimo cha homoni za thairoidi. Devers alipoteza miaka miwili kwa kutojua. Baada ya matibabu ya aina ile, mtu kwa kawaida humeza kidonge cha homoni kila siku maisha yake yote, na bado anaweza kukimbia. Yeye alikimbia miaka mingine 16.

Sasa Barcelona, 1992. Tarehe 1 Agosti ilikuwa fainali ya mita 100. Devers akashinda kwa 10.82. Juliet Cuthbert wa Jamaika 10.83. Irina Privalova 10.84. Gwen Torrence 10.86. Merlene Ottey 10.88. Watu watano ndani ya sehemu 6 za mia za sekunde. Kwa kasi ile, sehemu moja ya mia ni kama sentimita 10, kwa hiyo kati ya aliyepata dhahabu na aliyetoka mikono mitupu kwenye nafasi ya tano palikuwa na nafasi ya kama hatua moja fupi ya mtoto. Mwaka mmoja na miezi mitano nyuma, huyu mama alikuwa akibebwa kwenda chooni.

Siku tano baadaye ikaja fainali ya viunzi. Aliwaacha. Kufika kiunzi cha tisa hapakuwa na mtu wa kumpata. Kiunzi cha 10, cha mwisho kabisa, akakigonga, akayumba, akapigania kusimama kwa hatua kadhaa, akaenda chini na kuuvuka mstari akiwa ameanguka. Muda wake ukasomeka 12.75, nafasi ya tano. Dhahabu ilikwenda kwa Voula Patoulidou kwa 12.64, mwanamke wa kwanza wa Ugiriki kushinda riadha kwenye Olimpiki. Angalia namba hizo mbili pamoja. Devers alianguka, na bado aliachwa kwa sehemu 11 tu za mia.

Kwa nini alianguka? Watu husema presha, au alishaanza kusherehekea. Mimi nasema tupime kwa futi kamba. Mbio za viunzi za wanawake zina viunzi 10 vyenye kimo cha sentimita 83.8. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 13, kati ya kiunzi na kiunzi mita 8.5, na kutoka cha mwisho hadi mstari mita 10.5. Mkimbiaji mzuri hupiga hatua 8 hadi cha kwanza, kisha hatua 3 kila nafasi. Sasa mruko wenyewe unakula kama mita 3: anajitupa akiwa kama mita 2 kabla ya kiunzi, anatua kama mita 1 baada yake. Zinabaki mita 5 na nusu za kugawanywa kwa hatua tatu. Hiyo ni chini ya mita 2 kwa hatua, fupi kuliko hatua anayoitupa mkimbiaji wa daraja lake kwenye mita 100 tupu.

Maana yake ni kwamba mwenye mbio sana lazima ajizuie. Hawezi kuurefusha mwendo, anaweza tu kuuharakisha: hatua fupi, nyingi, za haraka. Na mwenye mbio hivyo asipojizuia, kasi humzidi mbio zikiendelea. Kila kiunzi anakifikia akiwa karibu nacho kidogo zaidi ya kilichotangulia, sentimita mbili hapa, tatu pale. Akifika cha tisa na cha kumi, nafasi ya kuinua mguu wa kuongoza imekwisha. Goti linachelewa, kisigino au unyayo unakipata kiunzi. Devers hakuwa mrefu, alikuwa na mita 1.60 hivi, na hilo lilimsaidia, maana mrefu mwenye kasi ile angebanwa mapema zaidi. Hata hivyo, siku ile alikuwa na mbio nyingi kuliko uwanja ulivyompimia.

Mwambie binti hivyo, kwa maneno hayohayo. Aliyeanguka kwenye kiunzi cha mwisho akiwa anaongoza hakuanguka kwa woga wala uzembe. Mwoga huanguka cha pili au cha tatu, kwa kusitasita, au husimama kabisa asiruke. Anayeanguka cha kumi alikuwa anakuja kwa kasi kuliko alivyozoea mazoezini. Mwambie pia, maana watoto wengi hawalijui, kwamba kugonga kiunzi bila kukusudia si kosa kwenye kanuni. Akikiangusha na akabaki wima, anaendelea na mbio zake zinahesabiwa.

Na wewe mama, kabla ya kumrudisha uwanjani, nenda ukaviangalie viunzi vya hapo shuleni. Miguu ya kiunzi, ile ya chini inayolala ardhini, inatakiwa ielekee anakotoka mkimbiaji, ili akikigonga kilale mbele kimpishe. Kikigeuzwa hakilali, kinamngoja. Nimewahi kuona msichana akivunjika kifundo cha mkono kwenye uwanja wa shule moja kwa kosa hilo tu, na waliovipanga walikuwa watu wazima. Angalia pia kimo. Wasichana wa umri wake, kwa kanuni za kimataifa za chini ya miaka 18, wanaruka sentimita 76.2. Shule nyingi zina viunzi vya kimo kimoja tu, au vya mbao vilivyopigiliwa misumari, na mtoto anarushwa kimo cha mtu mzima bila mtu kujua. Kama hakuna vinavyoshushwa, mwanzi uliolazwa juu ya matofali unatosha kabisa kwa mazoezi. Ukigongwa unadondoka, haumuumizi.

Namna ya kumrudisha ni hii. Wiki mbili za kwanza asikimbie kabisa juu ya viunzi, avivuke kwa kutembea, goti juu, mguu wa nyuma ukizunguka pembeni. Halafu kiunzi kimoja, kifupi. Halafu viwili, lakini visogezwe hadi mita 7.5 au 8, ili azoee hatua za haraka bila kujinyoosha. Viongezwe kimoja kimoja. Akifika 10, mwalimu aweke cha 11. Hii ni mbinu ya makocha wa zamani na inafanya kazi: aliyezoea vya 11 akilini mwake cha kumi si cha mwisho tena, macho hayakimbilii utepe kabla ya miguu. Mazoezini akivuka kiunzi cha mwisho asisimame kwenye mstari, aende mita 10 zaidi.

Nirudi kwa Devers, kwa sababu mwaka uliofuata ndio ninaotaka binti aujue zaidi ya Barcelona. Stuttgart, mashindano ya dunia, 1993. Kwanza mita 100: yeye na Merlene Ottey wakapewa muda uleule, picha ya mstari wa mwisho ikampa yeye. Kisha akarudi kwenye viunzi, vilevile 10, kimo kilekile, akavipita vyote na kushinda kwa 12.46. Mwanamke mmoja kushinda mita 100 na viunzi kwa pamoja kwenye Olimpiki au mashindano ya dunia, hilo lilikuwa halijatokea tangu Fanny Blankers-Koen wa Uholanzi alipofanya hivyo kwenye Olimpiki ya London mwaka 1948, viunzi vikiwa vya mita 80 enzi hizo. Miaka 45. Mwalimu anayesema hakuna anayefanya yote mawili akafika mbali, mpe mwaka huo.

Lakini simlaumu moja kwa moja, maana ana nusu ya ukweli. Tazama yaliyofuata. Mwaka 1995 Devers akawa bingwa wa dunia wa viunzi tena huko Gothenburg. Mwaka 1996, Atlanta, akashinda mita 100 za Olimpiki kwa mara ya pili, 10.94, muda sawasawa na Ottey kwa mara nyingine na picha ikaamua tena. Kabla yake ni Wyomia Tyus peke yake, mwaka 1964 na 1968, aliyewahi kuitetea dhahabu ile. Akaongeza dhahabu ya kupokezana vijiti. Na viunzi? Nafasi ya nne kwa 12.66. Shaba ilikwenda kwa 12.65. Sehemu moja ya mia, sentimita kumi zile nilizokutajia. Dhahabu aliichukua Ludmila Engquist wa Sweden, ambaye ndiye yuleyule Narozhilenko wa Tokyo kwa jina jipya.

Hapo ndipo gharama ya kufanya yote mawili inapoonekana. Wakati ule mita 100 ilikuwa na mchujo, robo fainali, nusu fainali na fainali. Viunzi navyo vilikuwa na raundi zake. Juma moja mwili uliombwa kulipuka mara saba, nane. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayolipa. Na zaidi ya uchovu, miguu inachanganywa: siku mbili inaambiwa irefushe hatua, siku inayofuata inaambiwa ifupishe. Sidhani ni bahati mbaya tu kwamba mita 100, ambazo hutangulia kwenye ratiba, ndizo zilizompa dhahabu, na viunzi vinavyofuata vikamnyima.

Baadaye aliegemea viunzi zaidi. Seville 1999, akiwa na miaka 32, alishinda ubingwa wa dunia wa tatu wa viunzi kwa 12.37, akimtangulia Glory Alozie, aliyekuwa akiikimbilia Nigeria. Julai 2000, Sacramento, akakimbia 12.33, rekodi ya Marekani iliyodumu hadi 2013. Basi kila mtu akasema Sydney ni zamu yake. Kwenye nusu fainali msuli wa paja ukamkatikia njiani, akasimama. Miaka minne mbele, Athens 2004, akiwa na miaka 37, msuli wa mguu ukamshika kwenye mchujo kabla hata hajaruka kiunzi cha kwanza. Hiyo ndiyo hesabu yake kamili ya viunzi vya Olimpiki: ugonjwa, kuanguka, sehemu moja ya mia, paja, shavu la mguu. Naisoma hesabu hiyo na moyo unaniuma kama vile ni mwanafunzi wangu.

Miezi michache kabla ya Athens, alikuwa bingwa wa dunia wa ukumbini Budapest kwa mita 60 tupu, na akashika nafasi ya pili kwenye mita 60 za viunzi. Yote mawili, tena na miaka 37. Akajifungua binti mwaka 2005. Februari 2007, New York, kwenye mashindano ya Millrose, akashinda mita 60 za viunzi kwa 7.86. Alikuwa na miaka 40.

Kwa hiyo jibu langu kuhusu binti yako. Akiwa na miaka 15 asichague. Viunzi vinamfundisha mdundo, hatua za haraka na kiuno kilichosimama, navyo vinamrudishia kwenye mita 100. Mbio tupu zinampa kasi ambayo wenzake wa viunzi hawana. Kwa miaka mitatu au minne ijayo akimbie zote, ila si kwa uzito sawa wakati mmoja: mwalimu apange miezi ya kujenga kasi, kisha miezi ya viunzi, na kwenye mashindano ya siku mbili tatu amsajili mbio mbili, asimwongezee mita 200 na kupokezana vijiti kwa sababu tu shule inataka pointi. Hilo la pointi za shule limewamaliza wasichana wengi kuliko viunzi vyote nilivyowahi kuviona. Akifika miaka 19 au 20, saa yenyewe itaonyesha aegemee wapi.

Wala asidhani viunzi ni vya watu wa mbali. Rekodi ya dunia ya mita 400 za viunzi iliwahi kuwa ya John Akii-Bua, askari polisi wa Uganda, aliyekimbia 47.82 Munich mwaka 1972, mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Nicholas Bett wa Kenya akawa bingwa wa dunia wa mbio hizohizo Beijing mwaka 2015. Wa mita 100 za viunzi kwa wasichana wa kwetu, nafasi bado iko wazi.

Mwisho, hiyo simu ya kaka yake. Mwambie aifute ile video ya Barcelona kwa sasa, amtafutie fainali ya viunzi ya Stuttgart. Aitazame mara tatu. Mara ya kwanza aangalie tu. Mara ya pili asimwangalie usoni wala zile kucha zake ndefu ambazo kila mtu huzitazama, aangalie miguu baada ya kiunzi cha sita, jinsi hatua zinavyozidi kuwa fupi na za haraka. Mara ya tatu azihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, juu. Akishaushika mdundo huo mdomoni, mpeleke uwanjani ukiwa na mwanzi na matofali mawili.